Shangazi, Hizi Antioksidanti Ni Kitu Gani?

Barua za mwezi huu zimenijia kama zilizopangwa na mtu mmoja. Kila bahasha ninayofungua ina neno "antioksidanti", na kila mwandishi kaliandika kivyake. Mmoja kalikata vipande viwili, mwingine kaliongezea herufi, na mama mmoja, aliyechoka kulitamka, kaliita tu "ile dawa ya kuzuia uzee". Basi ukurasa wote leo ni wa neno hilo. Kwa wageni: mimi ni mwanalishe mstaafu, nimefanya kazi wodini na kliniki miaka 31, na katika jambo hilihili nimewahi kukosea vibaya. Kosa lenyewe nitalisimulia hapo chini, maana lilimhusu mtu niliyempenda.

Shikamoo Shangazi. Kila kinywaji siku hizi kimeandikwa kwamba kina antioksidanti nyingi. Nimeuliza wauzaji wawili, wote wakaniambia "zinaondoa sumu mwilini". Sumu gani? Nani kaniwekea? – Mwanafunzi Mdadisi

Marahaba mwanangu. Swali lako la mwisho limenichekesha, nalo ndilo zuri kuliko yote. Hujawekewa na mtu. Unaitengeneza mwenyewe, hata sasa unaposoma.

Chukua tufaha, likate katikati, nusu moja iache mezani. Baada ya muda si mrefu utaikuta imegeuka kahawia. Oksijeni ya hewa imekutana na kemikali za tunda, kimeng'enya cha tunda lenyewe kikaharakisha mambo, rangi ikabadilika. Hiyo ndiyo oksidisho. Chuma kikishika kutu, mambo ni ya ukoo huohuo. Mafuta ya kupikia yakikaa mpaka yakanuka, vilevile. Sasa ile nusu ya pili ikamulie ndimu. Itakaa nyeupe muda mrefu zaidi, kwa sababu ukali wa ndimu unakilegeza kile kimeng'enya, na vitamini C inapokea pigo ambalo lingelipata tunda. Kitu kinachopokea pigo kwa niaba ya mwingine namna hiyo ndicho kinachoitwa antioksidanti.

Mwilini nako kuna moto. Seli zako huunguza chakula kwa oksijeni ili kupata nguvu, na moto wowote hurusha cheche. Cheche za humu ni molekuli zenye elektroni iliyobaki peke yake bila mwenza. Tunaziita radikali huru. Molekuli ya aina hiyo haitulii: humnyang'anya jirani elektroni, jirani naye akapora kwa mwingine, na ugomvi ukasambaa kwenye mafuta ya kuta za seli, kwenye protini, hata kwenye DNA. Antioksidanti hutoa elektroni yake bila yenyewe kugeuka mporaji, na ugomvi unakoma hapo. Moshi wa sigara, miale mikali ya jua na hewa chafu huongeza cheche.

Hapo ndipo wauzaji wako wanapoishia, na hapo ndipo mimi ninapoanza kubishana nao.

Kwanza, mwili haukukaa kusubiri chupa yao. Una walinzi wake. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich, wanasayansi wa Marekani, walieleza kazi ya kimeng'enya kiitwacho superoksidi dismutasi, ambacho kazi yake ni kuzima aina moja ya cheche hizo. Kuna kingine, katalasi, na kuna glutathioni inayotengenezwa ndani ya seli zenyewe. Hao ndio askari wa zamu, usiku na mchana. Vitamini C, vitamini E na jamaa zao wa kwenye chakula ni wasaidizi muhimu, lakini hawaendeshi kituo.

Pili, cheche hizo zina kazi. Seli nyeupe za damu huzitumia kama silaha za kuulia bakteria. Wapo watu wachache wanaozaliwa bila uwezo wa kuzitengeneza vizuri, nao huugua maambukizi makali mara kwa mara tangu utotoni. Kwa hiyo mtu akikuahidi kukuondolea radikali huru zote, muulize kama anajua anachokuahidi.

Kuhusu zile namba za "nguvu ya antioksidanti" zinazobandikwa kwenye chupa: hupimwa ndani ya kijaribio cha maabara, si ndani ya mtu. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali kubwa la namba za aina hiyo kwa vyakula mbalimbali, na mwaka 2012 ililiondoa, kwa kuwa kampuni zilikuwa zikilitumia vibaya katika matangazo wakati namba hizo hazionyeshi kinachotokea mwilini. Polifenoli nyingi, yaani kundi kubwa la kemikali za mimea ambazo wauzaji huzisifia, hunyonywa kidogo tu, na zilizobaki huvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo mpana zikawa kitu kingine. Kinywaji chako kigeuze upande wa nyuma. Soma sukari kwanza.

Shangazi, nimevuta sigara miaka 20. Ninajipanga kuacha. Rafiki amenishauri nimeze vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti, kila siku ili ilinde mapafu wakati ninajipanga. Nimeze kiasi gani? – Baba Wawili

Usimeze hata kimoja. Chupa kama umeshainunua, iweke chini kwanza tuzungumze.

Mwaka 1993 nilikuwa mgeni kazini, kichwa kimejaa vitabu. Baba yangu alikuwa mvutaji tangu akiwa na miaka 17. Wakati ule tafiti nyingi zilikuwa zimeonyesha kwamba watu wenye beta-karotini nyingi kwenye damu huugua saratani ya mapafu kwa uchache. Hesabu yangu ikawa nyepesi: kama karoti inalinda, kiini chake kilichofungwa kwenye kidonge kitalinda mara kumi. Nikamnunulia baba chupa. Nikaiweka kando ya kibiriti chake, ili kila akiwasha sigara akumbuke kumeza kidonge. Nilijiona binti mwerevu sana.

Mwaka uliofuata yakatoka matokeo kutoka Finland. Wanaume wavutaji 29,133, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa miligramu 20 za beta-karotini kwa siku, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, wengine kidonge kitupu, na wakafuatiliwa kwa miaka mitano hadi minane. Nilisoma makala ile nimesimama kwenye maktaba ya hospitali. Nikairudia, nikidhani nimechanganya safu za jedwali. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Zaidi, si pungufu! Na Januari 1996 jaribio jingine la Marekani, lenye watu zaidi ya 18,000 waliokuwa wavutaji, waliowahi kuvuta, au waliofanya kazi na asbesto, lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Huko beta-karotini ilitolewa pamoja na vitamini A, na saratani ya mapafu ilizidi kwa asilimia 28.

Nilikosea wapi? Beta-karotini kwenye damu ilikuwa shahidi tu. Ilikuwa inatuambia, "huyu mtu hula mboga na matunda". Mimi nikamchukua shahidi nikamfanya daktari. Tena dozi ya kidonge haifanani na ya sahani. Karoti ya wastani ina takriban miligramu 5, nao mwili huchukua sehemu ndogo tu ya hizo, lakini ya kidonge huingia kwenye damu kirahisi. Na kwenye pafu lililojaa moshi, beta-karotini nyingi yenyewe huoksidishwa, na vipande vinavyobaki vinaweza kudhuru seli. Yule mlinzi hugeuka akaungana na wezi.

Nilirudi nyumbani nikamweleza baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa niache vidonge au niache sigara?" Nikamjibu vyote. Vidonge aliviacha siku ileile. Sigara zilimchukua miaka minne zaidi, na chupa ile aliitunza, akawa anawekea misumari.

Wewe karoti kula, maboga kula, mboga za majani kula. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba hizo zinamdhuru mvutaji. Ongeza na vyakula vya vitamini C, kwa sababu moshi huimaliza haraka: wataalamu wa Marekani hupendekeza miligramu 90 kwa siku kwa mwanamume mzima na 75 kwa mwanamke, kisha mvutaji aongeze 35. Machungwa mawili yanakutosha. Na pesa ya vidonge weka kwenye dawa halali za kusaidia kuacha, ambazo daktari atakuandikia. Tarehe ya kuacha umeshaipanga? Barua yako haikuitaja.

Dada, habari za kazi? Nimeona kwenye pakiti ya vyakula vya watoto "antioksidanti: E300". Herufi na namba zinanitia hofu. Je, nitupe? – Mama Msoma Pakiti

Njema, dada. Usitupe. E300 ni asidi askobiki, na hilo ni jina jingine la vitamini C. Ukiona E306 hadi E309, hizo ni jamii ya vitamini E. E320 na E321 ni za kutengenezwa kiwandani, na zina viwango vya juu ambavyo haziruhusiwi kuvuka. Zote zimewekwa humo kulinda chakula, hasa mafuta yaliyomo, yasinuke kabla hujafungua pakiti. Hazikuwekwa kwa ajili ya afya ya mwanao, kwa hiyo pakiti isikutishe na pia isikudanganye: biskuti yenye E300 ni biskuti.

Shangazi, mume wangu amesoma mahali kwamba moto unaua antioksidanti, sasa anataka kila kitu kibichi. Mimi tumbo linavimba. Nani mkweli? – Mke wa Mla Vibichi

Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na ninyi ni watu wa ndoa, kwa hiyo ziunganisheni.

Nusu ya mumeo ni vitamini C. Hiyo huyeyuka kwenye maji na haipendi joto. Ukikata mboga vipande vidogo, ukazichemsha kwenye sufuria iliyojaa maji, kisha ukamwaga maji, sehemu kubwa yake imekwenda na maji. Ukitaka kuiona hasara kwa macho, chemsha kabichi jekundu. Maji yatageuka zambarau, na hiyo rangi ni anthosianini, antioksidanti zilizotoka kwenye jani. Dondoshea ndimu, maji yanakuwa ya waridi. Tia magadi kidogo, yanageuka buluu au kijani. Watoto wa dada yangu niliwahi kuwanyamazisha jioni nzima kwa mchezo huo. Na kwa kuwa nimeyataja magadi: wapo wanaoyatia kwenye mboga za majani ili zibaki kijani na zilainike haraka. Zitalainika kweli, ila vitamini C itateketea kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo kata vipande vikubwa, tumia maji kidogo au mvuke, tia mboga maji yakiwa yameshachemka, epua zikiwa bado zinatafunika. Maji yakibaki, yawe supu.

Nusu yako wewe ni nyanya. Wekundu wa nyanya ni likopeni, nayo imefungiwa ndani ya kuta za seli za tunda. Jino lako halizivunji zote. Moto unazivunja. Tena likopeni haiyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo nyanya iliyoiva kwenye sufuria na mafuta kidogo huupa mwili likopeni zaidi kuliko nyanya mbichi iliyokatwa sahanini. Nyanya ya kopo, ambayo watu huidharau, hapa ina heshima yake. Angalia chumvi tu. Karoti ni hivyohivyo, na luteini ya mboga za kijani pia huhitaji mafuta kidogo ili ipite.

Ale kachumbari yake. Wewe pika mchuzi wako. Mkibadilishana sahani mara mojamoja mtakuwa mmenishinda mimi mwenyewe, maana mboga mbichi sizipendi na sijawahi kuficha jambo hilo.

Binti yangu, mimi nina miaka 78. Tangu miaka ya sabini nameza vitamini C gramu mbili kila siku, baada ya kusoma habari za profesa mmoja wa Marekani aliyepata Nobel mbili. Mafua yananipata kwa nadra. Daktari wangu mpya ananikataza. Naona vijana hawajui kitu. Mwaka jana nilitolewa jiwe la figo, ila hilo ni jambo jingine. – Mzee wa Vitamini C

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha, na jibu umeliandika mwenyewe katika sentensi ya mwisho.

Profesa unayemsema ni Linus Pauling, na kweli alikuwa nazo mbili: ya Kemia ya mwaka 1954 na ya Amani ya mwaka 1962. Mtu mkubwa. Lakini Nobel ya kemia haimpi mtu ujuzi wa mafua. Baada ya dai lake yalifanyika majaribio mengi, na yakijumlishwa pamoja yanasema hivi: kwa watu wa kawaida, kumeza vitamini C kila siku hakupunguzi idadi ya mafua wanayopata. Hupunguza siku za kuugua kwa takriban asilimia 8 kwa mtu mzima. Mafua ya siku saba, hiyo ni nusu siku hivi. Waliofaidika zaidi ni watu wa mazoezi ya kupita kiasi, kama wakimbiaji wa marathoni na askari waliokuwa kwenye mafunzo ya baridi kali.

Vitamini C yenyewe siidharau, mzee. Mwaka 1747 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawiliwawili, kila jozi akaipa tiba yake: siki, maji ya bahari na kadhalika. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Mbuzi hahitaji chungwa, ini lake hutengeneza vitamini C lenyewe. Sisi binadamu uwezo huo tumeupoteza. Ila mwili wetu huchukua kinachoutosha, na ukijaa hutoa ziada kwenye mkojo, na sehemu ya ziada hiyo huigeuza kuwa oksaleti. Oksaleti ikikutana na kalsiamu ndani ya figo, huwa jiwe.

Gramu mbili ndiyo dari iliyowekwa na wataalamu wa Marekani kwa mtu mzima mwenye afya, na wewe umeishi umegusa dari miaka yote hiyo. Kwa mtu aliyekwisha kutolewa jiwe, daktari wako yuko sahihi. Mpe heko kijana wa watu. Kula chungwa lako asubuhi, kunywa maji, na hiyo chupa iache.

Shangazi shikamoo. Nina mimba ya miezi mitano, damu yangu iko chini, napewa vidonge vya chuma. Nimesikia chai ni bingwa wa antioksidanti kwa hiyo nakunywa vikombe vinne, na kila mlo. Niongeze? – Mama Kijacho

Marahaba mwanangu, na hongera. Usiongeze. Badilisha saa.

Ulichosikia kuhusu chai ni kweli. Ya kijani na nyeusi hutoka kwenye mmea uleule. Nyeusi ni majani yaliyoachwa yaoksidishwe kabla ya kukaushwa, na zote mbili zina polifenoli tele. Tatizo ni kwamba polifenoli hizohizo hukishika chuma cha kwenye maharage, nafaka na mboga, zikakipeleka chooni kabla hakijaingia kwenye damu. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha si jambo kubwa. Kwako ni kubwa. Kahawa nayo hufanya hivyo.

Chai inywe katikati ya milo, angalau saa moja baada ya kula. Kidonge cha chuma kimeze kwa maji, kamwe si kwa chai. Kwenye mlo wenyewe weka kitu cha vitamini C, kwa mfano chungwa, pilipili hoho mbichi au nyanya, kwa maana vitamini C hufanya kinyume cha chai: hukisaidia chuma cha mimea kupenya. Na vikombe vinne hesabu pia kafeini yake. Shirika la Afya Duniani huwashauri wajawazito wanaopita miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze. Kama kati ya chai unachomeka na kahawa, utafika huko bila kujua.

Shangazi, mke wangu ameanza mionzi kwa ajili ya saratani ya matiti. Ndugu wanaleta chupa za vitamini E, seleniamu, unga wa majani. Nikikataa naonekana simpendi. – Mume Mwenye Mashaka

Pole sana, mwanangu, wewe na mkeo.

Mionzi huua seli za saratani kwa sehemu kubwa kwa kuzalisha radikali huru ndani yake. Hapa cheche ndiyo dawa. Antioksidanti za dozi kubwa zinaweza kuilinda seli ambayo madaktari wanajaribu kuiua. Baadhi ya dawa za kemo hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Ndiyo maana wataalamu wengi wa saratani huwaomba wagonjwa waviache vidonge hivyo wakati wa tiba. Tena vitamini E nyingi hupunguza kuganda kwa damu, jambo la kuangaliwa ikiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda au anakwenda kufanyiwa upasuaji.

Weka chupa zote kwenye mfuko, nenda nazo kliniki, daktari wake azione moja moja. Kisha ndugu waambie, "Daktari kazikataa." Lawama mwachie yeye, amezoea. Na ndugu wanaotaka kusaidia wape kazi: mkeo ale. Matunda, mboga, maharage, mayai, chochote kinachopita kooni siku hiyo. Chakula cha kawaida hakina shida na mionzi.

Shangazi mambo! Niko jim mara tano kwa wiki. Kocha anasema vitamini C na E baada ya mazoezi zinazuia misuli kuchakaa. – Kijana wa Vyuma

Poa, mwanangu, ingawa mimi ni wa shikamoo. Mwaka 2009 watafiti nchini Ujerumani waliwafanyisha vijana wapatao 40 mazoezi kwa wiki nne. Nusu walimeza kila siku vitamini C miligramu 1,000 pamoja na vitamini E, nusu hawakumeza. Mazoezi yaliufanya mwili uitumie insulini vizuri zaidi, lakini kwa wale ambao hawakumeza. Waliomeza walikosa faida hiyo. Yaelekea zile cheche za mazoezi ndizo huuamsha mwili uimarishe walinzi wake, na kidonge kiliufunika mlango usisikie hodi. Kula ndizi, kunywa maji, lala. Kocha mwulize chupa hizo anauza nani.

Shangazi, mwanangu ana miezi kumi. Viganja, nyayo na pua vimekuwa rangi ya chungwa! Anacheza vizuri, anakula vizuri, hasa uji wa karoti na maboga. Ni sumu? – Mama wa Kwanza

Mwangalie weupe wa macho, kwenye mwanga wa mchana. Ukiwa umegeuka njano, huenda ni ini, mpeleke hospitali leo, usingoje kesho. Ukiwa mweupe kama kawaida, basi ni beta-karotini ya karoti na maboga imejikusanya kwenye ngozi, na hujionyesha zaidi pale ngozi ilipo nene, kama viganjani na nyayoni. Haina madhara. Mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji, inayozidi hukaa tu kwenye ngozi ikisubiri zamu.

Mbadilishie: leo mboga za kijani, kesho viazi, keshokutwa njegere. Rangi itafifia polepole, wiki hadi miezi michache, kwa hiyo usimkague kila asubuhi. Kliniki ukienda kwa chanjo au kupima uzito, mwonyeshe muuguzi naye aone. Karoti zilizobaki jikoni kula wewe.